Kipengele cha Tisa

Mimi ni mtu wa mizani.
Naweka mzigo, nasoma namba, nabandika lebo.
Miaka kumi na mmoja, uwanja wa ndege wa Kigoma,
nimepima dagaa wa Kibirizi ndani ya maboksi ya sabuni,
mawese yaliyozungushiwa nailoni mara saba na bado yanatoka jasho,
sanduku la bibi harusi,
jeneza moja dogo ambalo sikulitoza.
Hilo la jeneza msiliandike.

Mkataba wetu wa zamani, kipengele cha tisa, ulisema:
Saa ya kazi huanza magurudumu yagusapo lami.
Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ni shairi.
Kumbe hesabu.

Ndege ya saa nne ikija saa kumi,
kwa sababu ya wingu Tabora, au tairi Dar es Salaam,
au sababu ambayo hatuambiwi,
sisi tupo tangu saa mbili na vizibao vyetu vya njano.
Gwasa kajilaza juu ya toroli.
Hidaya wa tiketi anajibu swali moja kwa watu arobaini.
Ntahondi anafukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia,
mbuzi yule yule, amekwisha kumpa jina,
na mbele ya kipengele cha tisa
hakuna hata mmoja wetu aliyefika kazini.

Siku tatu tulikaa mezani na mwajiri.
Maji ya chupa, karanga, feni yenye mguu mmoja mbovu.
Bwana Mkondya wa Rasilimali Watu
(rasilimali ndio sisi)
alikubali buti, akakubali glavu,
akakubali chai, bila kitafunwa.
Tulipofika cha tisa akafunga kompyuta.
“Kusubiri si kazi,” alisema. “Kusubiri ni hali.”
Mimi, katibu wa tawi, nikaandika: ni hali.
Gwasa akatoka nje kabla hajasema neno
ambalo ningelazimika kuliandika pia.

Asubuhi ya nne Bwana Mkondya akaja kwangu na begi.
Kilo ishirini na tano. Linanuka mgebuka mkavu.
Mbili zimezidi; akalipa, nikampa risiti.
Halafu mvua ikavuka ziwa kutoka Kongo
kama mtu mwenye deni letu, bila haraka,
ikakaa juu ya uwanja.

Saa nne. Saa sita.
Saa nane akalegeza tai.
Saa tisa alikuwa kwenye benchi letu, kati ya Gwasa na Hidaya,
anakula muhogo wa Hidaya.
Gwasa akamuuliza kwa adabu zote za Ujiji:
“Mzee, leo posho inahesabika?”
“Inahesabika. Niko kazini.”
Bati likapiga makofi peke yake.
Nikatoa daftari.
“Unaandika nini, dada?”
“Naandika hali.”

Sitasema alilia. Hakulia.
Alicheka kidogo puani, akaangalia lami.

Miezi miwili baadaye mkataba ukaja na muhuri.
Cha tisa kimebadilishwa:
nusu malipo, kuanzia saa ya tatu ya kuchelewa,
kwa waajiriwa wa kudumu.
Hidaya alipiga kigelegele.
Gwasa alisema nusu ni mfupa,
kisha akatia saini, maana mfupa nao una supu.
Ntahondi aliomba nimsomee tena mstari wa mwisho.
Ntahondi ni kibarua wa kutwa.
Nilimsomea. Nilisoma polepole,
kana kwamba upole ungeongeza neno.

Leo ndege imechelewa.
Nimepanda mwenyewe juu ya mizani, kuua muda.
Sitini na tatu.
Saa ya pili imepita, ya tatu imeingia,
nimeanza kulipwa nusu,
na namba ni ile ile.
Dirishani namwona Ntahondi
anamkimbiza mbuzi wake,
bure.